Lakiri Mdomoni

Nchi yenyewe ipo. Jina lake hatutalitaja, kwa sababu kisheria mtu hulitaja akiwa amesimama wima na mikono ubavuni, na wasomaji wengi husoma wamekaa au wamejilaza. Inatosha kujua kwamba ilikuwa nchi ya amani, yenye hewa nzuri na vizuizi vingi vya barabarani, na kwamba raia wake hawakunywa pombe.

Waliacha siku moja, wote kwa pamoja. Mlezi Mkuu wa Taifa alikuwa ameambiwa na daktari wake kwamba ini limechoka, na kwa kuwa haikufaa kiongozi ajinyime peke yake huku watu wakijistarehesha, ikatangazwa redioni kwamba taifa zima lina ini moja. Likabaki tatizo dogo tu. Mishahara ya serikali, magari ya mawaziri na sherehe ya kila mwaka ya kukumbuka kuachwa kwa pombe, vyote viliendeshwa kwa ushuru wa pombe. Wataalamu wakajifungia hotelini wiki nzima, wakala, wakatafakari, wakatoka na jibu: pombe haitanywewa, ila itaendelea kuingizwa. Kila njia panda pakasimikwa bango: POMBE NI ADUI, USHURU WAKE NI RAFIKI. Mapato yaliposhuka, Waziri wa Fedha alilia bungeni akiwauliza wananchi uzalendo wao umekwenda wapi. Yalipopanda, Waziri wa Maadili alilia kwenye kiti cha pili kutoka hapo. Wananchi walizoea kuwapigia makofi wote wawili.

Bi Nsubisi alikuwa na karakana ya magodoro, yeye na mumewe Ambakisye, ambaye Nsubisi alimwita Baba Tusa kwa jina la binti yao. Kichwa cha biashara kilikuwa cha mke. Mume alikuwa mtu wa adabu, basi. Alivua kofia mbele ya picha ya Mlezi Mkuu hata ikiwa imechapwa kwenye gazeti la kufungia maandazi. Mtangazaji wa redio akisema "hamjambo wasikilizaji", Ambakisye aliitikia "hatujambo", na kama anatafuna alimeza kwanza. Nsubisi alimpenda kwa hilo, na kwa hilohilo alimkemea tangu asubuhi hadi jioni.

Sasa, wafanyabiashara wa nchi ile walikuwa na desturi ya kuwapa wateja wao wakubwa chupa ya mvinyo mwisho wa mwaka. Kuacha pombe hakukuigusa desturi hiyo. Mteja aliyeacha aliitaka chupa yake vilevile, akaiweka kabatini, akaitazama. Mwaka huo kulikuwa na mshindani mpya wa magodoro aliyekuwa akigawa saa za ukutani, na Nsubisi aliona wazi kwamba asipofanya jambo, hoteli zote zitahamia kwa yule wa saa. Akaagiza masanduku ya mvinyo wa zabibu kutoka ng'ambo. Yakafika bandarini salama, na huo ndio ulikuwa mwisho wa usalama.

Wakala wao wa forodha aliitwa Chande, mtu mwembamba aliyezoea kusema huku akitazama mlangoni. Aliwaketisha ofisini kwake akawafungulia mambo.

"Kwanza, mama, kuna ushuru wa forodha. Huo wanautoza kwenye bei ya mvinyo, wakijumlisha nauli ya meli na bima."

"Sawa," alisema Nsubisi.

"Halafu ushuru wa bidhaa, kwa lita na kwa ukali wa kileo. Huo unakaa juu ya ule wa kwanza. Halafu kodi ya ongezeko la thamani, nayo inakaa juu ya zote mbili."

"Yaani nalipa kodi ya kodi?"

"Mama, mvinyo ukishatozwa kodi si umeongezeka thamani? Basi ndiyo hiyo."

"Lakini mimi siuzi, Chande. Ni zawadi. Nagawa bure."

Chande alitazama mlangoni. "Hilo neno usilitamke kwa nguvu. Bidhaa ya kuuza ina ankara, na ankara ina bei. Zawadi haina bei, na kitu kisicho na bei wanakikadiria wenyewe. Mwaka jana kuna bwana alileta chupa za kuwapa wateja wake. Wakamwuliza anawapenda wateja hao kiasi gani. Masikini, akasema sana. Wakakadiria kwa kiasi hicho."

"Akalipa?"

"Bado analipa."

"Basi andika kwamba mimi siwapendi."

"Zawadi kwa mtu usiyempenda ni rushwa, mama. Hiyo ina dawati lake, ghorofa ya tatu, na foleni yake ni ndefu."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Ambakisye, ambaye muda wote alikuwa amekaa na kofia yake magotini, akapendekeza iandikwe ukweli. Ikaandikwa: zawadi za kibiashara, upendo wa wastani.

*

Ukaguzi ulifanyika katika ghala la forodha lenye paa la bati, joto la kukaanga mayai. Idara iliyohusika iliitwa Idara ya Vinywaji na Adabu. Kwa kuwa taifa lilikuwa limeacha pombe, maafisa wake walipewa vitambulisho vya msamaha vinavyowaruhusu kuonja kwa niaba ya wananchi, na walikuwa watu wenye nyuso nyekundu na macho mazito, waliochoka kwa kulitumikia taifa. Walikaa nyuma ya meza ndefu, katikati yao Mkadiriaji Mwandamizi. Sheria iliruhusu mwenye mzigo mmoja tu kukaribia. Nsubisi alitaka kwenda yeye, lakini fomu ilitaka jina la mkuu wa kaya, na idara haikuwa na mawazo mengine kuhusu nani ni mkuu wa kaya. Akabaki nyuma ya mstari wa njano karibu na Chande.

Sanduku likafunguliwa. Chupa ikatolewa, kizibo kikang'olewa, glasi zikapangwa.

"Haya, bwana," Mkadiriaji Mwandamizi akasema kwa uchangamfu, "tukaribishe."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaharibu ni bibi yake Ambakisye, aliyefariki zamani. Katika nchi ile, tangu enzi ambazo Walezi Wakuu walikuwa hawajabuniwa, mtu hampi mgeni kinywaji bila kukionja kwanza mwenyewe mbele ya macho yake. Ni kumwondolea mgeni shaka, aone kwamba hakuna sumu wala hila. Mtoto asiyejua hivyo alifundishwa kwa kofi, na Ambakisye alikuwa amefundishwa na bibi huyo vizuri sana. Nsubisi aliuona mkono wa mumewe ukinyanyua glasi, akajua unakwenda wapi. Akafungua kinywa apige kelele, lakini kelele nyuma ya mstari wa njano zilikuwa na faini yake, na kwa nukta hiyo moja akasita. Atakumbuka kusita huko maisha yake yote.

Ambakisye akapiga funda moja, akafuta ukingo wa glasi kwa leso safi, akainama, akamsogezea Mkadiriaji kwa mikono miwili. "Karibuni, waheshimiwa. Ni salama."

Mkadiriaji Mwandamizi akaiweka glasi chini polepole.

"Umefanya nini?"

"Nimewaondolea shaka, mheshimiwa."

"Umetuongezea." Akasimama, akafunga kifungo cha koti, maana alikuwa anataka kuhutubia. "Ndugu wajumbe. Mvinyo huu haujalipiwa ushuru. Kisheria, kwa hiyo, bado uko baharini. Nyinyi mnauona mezani, lakini sheria haioni meza. Na mtu huyu, mbele ya idara, mbele ya picha ya Mlezi Mkuu, ameuingiza nchini kupitia mahali ambapo hapajawahi kutangazwa kuwa mpaka wa forodha. Ameupitisha kooni!"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa uchungu. Mmoja wao akanywa kidogo kutuliza moyo.

Hukumu ikapitishwa palepale. Koo la Ambakisye likatangazwa kuwa kivuko kisicho rasmi, nalo likafungwa. Tumbo lake, kwa kuwa lilikuwa na bidhaa isiyolipiwa, likatangazwa kuwa ghala la forodha, na ghala la forodha, kama kila mtu ajuavyo, lazima lipigwe lakiri. Karani akaleta lakiri yenyewe, utepe mwekundu mpana wenye nembo ya taifa.

"Umemeza kiasi gani?" Mkadiriaji akauliza.

"Ni kidogo tu, mheshimiwa, hata sidhani kama—"

"Subiri. Lakiri kwanza, maelezo baadaye. Bidhaa isije ikatoka pamoja na maneno."

Utepe ukabandikwa mdomoni, ukakandamizwa kwa kidole gumba, ukagongwa mhuri. Ambakisye alisimama wima kusaidia kazi iende vizuri. Kisha Mkadiriaji akakaa, akachukua kalamu, akamwuliza tena amemeza kiasi gani. Ambakisye akaonyesha kwa vidole. Ikaandikwa kwamba ghala limekataa kutoa ushirikiano. Akaomba kalamu kwa ishara. Akajibiwa kwamba ghala haliandiki.

Mikono hawakumfunga. Idara ile haikuwahi kumfunga mtu mikono. Kulikuwa na tangazo tu ukutani, la herufi kubwa: ATAKAYEBANDUA LAKIRI ATACHUKUA NAFASI YA GHALA. Ambakisye alilisoma, akakaa kwenye sanduku aliloonyeshwa, akaweka kofia yake magotini.

*

Nsubisi hakuelewa mara moja. Alidhani ni aibu ya mchana mmoja, ya kulipwa na kusahauliwa. Alipoelewa, alimshika Chande mkono. Lakiri haiondolewi mpaka ushuru ulipwe. Ushuru haulipwi mpaka ukokotolewe. Haukokotolewi mpaka ijulikane ni kiasi gani kilichomezwa, na aliyemeza ndiye pekee anayejua, na ndiye huyo aliyezibwa mdomo. Na mtu aliyezibwa mdomo hali wala hanywi.

"Atakufa," alimwambia Chande.

"Mama, usiseme hivyo. Ghala haliwezi kufa, linaweza tu kufungwa." Kisha Chande akasikia alichosema, akatazama chini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amefanya kazi bandarini muda mrefu.

Ni Chande aliyepata wazo la mrija. Pembeni mwa utepe, pale kwenye kona ya mdomo, palikuwa na kijinafasi. Mrija mwembamba ungepita bila kugusa nembo ya taifa, na mtu angevuta maji. Wazo likapelekwa kwa barua yenye unyenyekevu mkubwa. Idara ikalipokea kwa furaha, ikaunda Kamati ya Mrija. Kamati ikakaa, ikaagiza vitafunio, ikaagiza mirija ya mfano ya rangi tofauti, ikaijaribu kwa kutumia mvinyo wa kielelezo. Nsubisi akasubiri kwenye benchi la nje akiwasikia wakicheka. Jioni mwenyekiti akatoka, akamwambia kwa upole kwamba kamati imeridhika mrija unafanya kazi vizuri sana, na ndiyo maana wameukataa. Ungekuwa kivuko cha pili.

Alikwenda kumtazama mumewe. Mzee Sinde, mlinzi wa ghala, alimruhusu akae naye. Joto chini ya bati lilikuwa la kutisha. Midomo ya Ambakisye haikuonekana, lakini macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mashavu imeanza kukunjamana. Hata hivyo alipomwona mke akiingia aliinuka, kama kawaida yake. Nsubisi alimkalisha, akamfuta uso kwa kitambaa kibichi, akamwambia kwamba mambo yanakwenda vizuri. Huo ulikuwa uongo na wote wawili walijua. Alipotoka aliketi nyuma ya ghala akalia, akilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akiichukia adabu, akimchukia yule bibi wa makofi.

Asubuhi akapiga moyo konde, akaenda kwa mteja wake mkubwa, Bwana Mutalemwa mwenye hoteli tatu, ambaye ilisemekana hucheza bao na watu wa juu. Bwana Mutalemwa alimkaribisha kitini, akamsikiliza mpaka mwisho, akatoa pole zisizo na kipimo.

"Ambakisye! Mtu mwema vile!" alisema. "Nchi hii, dada yangu, nchi hii." Akavuta kiti karibu. "Na ule mvinyo, je? Bado uko palepale?"

"Uko palepale."

"Kwa sababu yule bwana wa saa za ukutani ameshapita hapa. Mimi nikamwambia hapana, namsubiri Bi Nsubisi." Akamshika mkono kwa mikono miwili. "Usinisahau."

*

Naibu Kamishna wa Vinywaji na Adabu, Dokta Mpangile, alikuwa na udaktari wa heshima aliotunukiwa na chuo alichokifungua mwenyewe kwa kukata utepe. Kumwona kulihitaji kibali, na kibali kilimhitaji yeye akisaini, hivyo Nsubisi alimvizia chooni. Alisimama mlangoni, na Dokta Mpangile alipotoka akijifuta mikono hakuwa na pa kupita.

"Mheshimiwa, mume wangu anakufa kwa kiu katika ghala lako."

Dokta Mpangile hakukasirika. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba serikali ina masikio. Akamwingiza ofisini, akaitisha jalada, akasoma huku akiguna.

"Mama," akasema, "nchi changa ni kama godoro. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Kila mtu anataka kulalia, nani anataka kushona? Mumeo alipomeza lile funda, hakumeza mvinyo. Alimeza dawati la mtoto wa shule. Alimeza kitanda cha mama mjamzito. Alimeza, nasema kwa uchungu, sehemu ya daraja."

"Ni funda moja, mheshimiwa. Niambie bei nilipe."

"Kiasi hakijulikani."

"Basi kadiria!"

Dokta Mpangile akamtazama kwa heshima mpya. Akafungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole, akatabasamu. Kumbe kifungu kilikuwepo. Pale kiasi kisipojulikana, idara inaweza kukadiria kiwango cha juu kabisa kinachowezekana. Na kiwango cha juu kabisa, kwa mtu aliyekaa karibu na mzigo, ni mzigo wote.

"Mzigo wote?" Nsubisi alidhani hakusikia vizuri. "Mheshimiwa, masanduku yale yapo. Yamefungwa. Mume wangu amekalia mojawapo."

"Hayo ya kwenye masanduku ni suala la ghala jingine," alijibu Dokta Mpangile. "Yatatozwa kwa wakati wake. Tunazungumzia yaliyo tumboni."

Ushuru wa forodha ukapigwa, ukapandishwa ushuru wa bidhaa, juu yake ikapandishwa kodi ya ongezeko la thamani, na kwenye kilele adhabu ya kupitia kivuko kisicho rasmi. Nsubisi hakuisoma hesabu. Aliuliza tu kama karakana inatosha. Wakapiga simu, wakaulizauliza, wakasema mashine za kushonea zikiongezwa na nyumba, inatosha. Alisaini karatasi zote alizowekewa. Kwa kweli alikuwa na furaha, furaha kali ya kijinga, akiona karakana ikienda na yeye akibaki na mtu.

"Sasa naomba wakatoe lakiri," alisema.

"Mara moja. Lakiri hukatwa na Kikosi cha Kukata Lakiri." Dokta Mpangile akanyanyua simu, akasikiliza, akaiweka chini. "Kikosi kiko semina, huko milimani. Kinarudi kesho au keshokutwa."

"Semina ya nini?"

"Kasi ya Huduma."

*

Alifika ghalani akiwa na risiti mkononi na chupa ya maji kwapani. Mzee Sinde aliisoma risiti, akaigeuza, akaisoma tena upande usio na maandishi.

"Hii inasema umelipa, mwanangu. Haisemi lakiri ibanduliwe."

"Mzee wangu, mwangalie."

Mzee Sinde alitazama ndani. Ambakisye hakuwa amekaa tena. Alikuwa amejiegemeza kwenye masanduku, kichwa kimelala begani, kifua kikipanda kwa shida. Mlinzi alibaki mlangoni akichezea filimbi yake. Zilibaki siku chache astaafu, na katika nchi ile pensheni ilikuwa na masharti mengi.

"Mimi huwa nina kawaida," alisema hatimaye, "ya kutoka kuangalia kama mvua inakuja." Akatoka nje, kwenye jua kali lisilo na hata wingu, akainua uso juu, akaangalia.

Nsubisi akapiga magoti. Akaukamata utepe kwenye kona, akauvuta. Ulitoka na ngozi.

"Baba Tusa. Kunywa."

Ambakisye alifungua macho. Ilimchukua muda kumtambua. Sauti aliyoitoa ilikuwa kavu, ya kukwaruza. "Wamekuruhusu?"

"Nimelipa kila kitu. Kunywa kwanza."

"Kikosi kiko wapi?"

"Kinakuja. Kunywa, nakuomba."

Macho yake yalikwenda polepole mpaka kwenye tangazo la ukutani, yakarudi yakatua kwa mkewe, yakatua kwenye mdomo wake. Nsubisi aliona anachokiona mumewe. Atakayebandua atachukua nafasi ya ghala. Ambakisye alinyoosha mkono, akauchukua utepe kutoka vidoleni mwake, akaunyoosha kwenye paja lake, nembo ikae vizuri, akaurudisha mdomoni.

"Ambakisye!" Hakuwahi kumwita kwa jina tupu tangu waoane. "Acha wanibandike mimi! Mimi nina nguvu, mimi nitakaa! Toa huo upuuzi!"

Alitikisa kichwa. Gundi ilikuwa imeisha, utepe ukawa unaning'inia, akaushikilia kwa vidole. Nsubisi aliung'ang'ania ule mkono. Mtu aliyekuwa hana nguvu za kusimama akapata nguvu za kukataa. Nsubisi alimimina maji pembeni mwa utepe, yakateremka kidevuni, yakalowesha shati. Hakuna tone lililoingia. Walipigania utepe ule pale chini, mke na mume, bila kelele, mpaka Nsubisi akachoka, akamkumbatia kichwa kifuani kwake. Ambakisye kwa mkono mmoja alikuwa ameziba mdomo, kwa mwingine akampapasa mgongoni, polepole, kama afanyavyo mtu anayemtuliza mwenzake aliyeota vibaya.

Nje Mzee Sinde aliendelea kuangalia mvua.

Baadaye mkono wa mgongoni ukaacha kupapasa. Halafu ule wa mdomoni ukalegea, na utepe ukaanguka mapajani mwa Nsubisi. Alimwita, mara nyingi. Alimwekea maji midomoni na safari hii hakukataa, maji yakatoka kama yalivyoingia.

Alikuwa bado amekaa hivyo aliposikia gari, milango ikifungwa, na wimbo. Kikosi cha Kukata Lakiri kilikuwa kimerudi mapema kuliko ilivyotarajiwa, semina ikiwa imefana, kila mmoja na fulana mpya yenye maneno HUDUMA NDANI YA DAKIKA MOJA. Mzee Sinde akaingia mbio, akamwona Ambakisye, akauona utepe mahali ulipo, akashika kichwa.

"Mwanangu," alisema kwa kunong'ona, "wakikuta imebanduliwa hawatakupa mwili. Watakushika wewe, na yeye watamweka humuhumu na hayo masanduku. Nimeshaona. Hawazikwi hao."

Buti zilikuwa zinakuja. Nsubisi aliutazama ule utepe. Aliulamba, upande wa gundi, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Akaufunga mdomo wa mumewe kwa kidole, kwa upole, akaubandika utepe juu yake, akaukandamiza kona zote nne, na nembo ya taifa ikakaa sawasawa.

Kikosi kikaingia kwa mwendo wa gwaride. Mkuu wake akasoma amri kwa sauti, akatoa mkasi, akakata lakiri katikati, na wenzake wakapiga makofi kama walivyofundishwa. Ikaletwa karatasi ya kuthibitisha kwamba ghala limekabidhiwa kwa mwenyewe likiwa zima na lakiri yake haijaguswa. Nsubisi akasaini. Mkuu wa kikosi akampongeza kwa kuitunza lakiri vizuri, maana si wananchi wote wana moyo huo, kisha akamwuliza, kwa mujibu wa semina, kama ana malalamiko yoyote kuhusu huduma.

Nsubisi alisema hana. Aliomba tu mmoja wao ashike miguu, yeye atashika kichwa.